Habari za Mshipi Uzamao

Mvuvi wa pwani yetu anaporambaza, yaani anapouachilia mshipi nyuma ya ngalawa iendayo kwa tanga na kukikokota chambo majini, aghalabu huwatafuta samaki wapendao kuwinda karibu na uso wa bahari, nguru na jodari na kolekole na sulisuli, ambao hukiona chambo kwa mbali na kukirukia kwa kasi. Kwa hiyo mambo anayoyaangalia zaidi ni mwendo wa chombo, upya wa chambo na uimara wa mkono wake, wala hana haja kubwa ya kujiuliza mshipi umeshuka pima ngapi. Wako wavuvi wengine, mbali sana na sisi, katika maziwa ya maji baridi ya Amerika ya Kaskazini, ambao sanaa yao ni hiyo hiyo ya kukokota mshipi nyuma ya chombo, lakini swali la pima ndilo swali lao la kwanza na la mwisho, kwa kuwa samaki wawatafutao, trauti wa ziwa na samoni, huwa wamekimbilia chini katika giza na baridi siku zile zile za kiangazi ambazo mwanadamu hupenda kuwa majini. Nakusudia kusimulia jinsi swali hilo lilivyojibiwa kizazi baada ya kizazi, kwa shaba na kwa hariri, kwa risasi na kwa nailoni. Na shabaha yangu ni kuonyesha kwamba mshipi haukubadilishwa na werevu wa mafundi peke yake, bali mara nyingi ulibadilishwa na yale yaliyoyapata maji yenyewe, mengi yakiwa yametendwa na mikono ya watu.

Maziwa ninayoyataja ni matano, Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario, pamoja na maziwa mengine membamba na marefu yaliyo jirani nayo katika jimbo la New York, na msomaji asiyachanganye na Maziwa Makuu ya bara letu. Superior lina kina cha mita 406 mahali pake pa chini kabisa, Michigan mita 281, Ontario mita 244; Erie peke yake ni la kina kidogo, mita 64 tu, na upande wake wa magharibi haufiki hata nusu ya hapo. Majira ya joto yanapoingia, jua huyapasha maji ya juu, nayo kwa wepesi wake hubaki juu, ilhali maji ya chini, yaliyo mazito kwa baridi, hayachanganyiki nayo. Na baina ya tabaka hizo mbili kuna tabaka nyembamba ambamo mtu akishusha kipimajoto ataona joto likianguka ghafla. Trauti wa ziwa hupenda maji yenye joto la digrii 10 hivi kwa kipimo cha Selsiasi, na samoni hupenda yaliyozidi hapo kidogo. Basi mwezi wa Julai na wa Agosti mvuvi atakaye kuwafikia hana budi kukishusha chambo mita 20, 30, pengine 40 na zaidi, tena kukidumisha huko huko hali chombo kinakwenda. Hapo ndipo ugumu unapozaliwa. Mshipi ukokotwao haushuki wima. Maji huusukuma juu, na kadiri unavyokuwa mnene, na kadiri chombo kinavyokwenda kasi, ndivyo unavyozidi kuinuka, hata mtu aliyeachilia mita mia nzima akajidhania yu katika kina kikubwa, kumbe chambo chake kinapita karibu na uso wa maji ambako hakuna samaki hata mmoja. Uzito, unene na mwendo: mambo hayo matatu ndiyo yaliyotawala uchaguzi wa mshipi tangu zama za kale hata leo.

Wenyeji wa asili wa nchi zile walikuwa mabingwa wa uvuvi kabla mgeni yeyote hajafika. Pande za ziwa Superior hupatikana shaba safi ardhini, isiyohitaji kuyeyushwa, na watu wa kale wa huko waliifua wakaifanya ndoana, nyembe na ncha za mikuki maelfu ya miaka kabla ya kuja Wazungu. Ndoana hizo zimefukuliwa katika Wisconsin na Michigan, na ni ajabu kwamba shaba hiyo hiyo itarudi tena na tena katika habari hizi. Upande wa pili wa bara, katika pwani ya bahari ya Pasifiki ambako ndiko asili ya samoni watakaotushughulisha baadaye, tunao ushahidi wa maandishi wa Mwingereza mmoja, John Jewitt, mhunzi wa merikebu iliyoitwa Boston, ambaye alitekwa mwezi wa Machi 1803 na Maquinna, mkuu wa watu wa Nootka katika kisiwa cha Vancouver, akakaa mateka mpaka mwezi wa Julai 1805. Jewitt aeleza kwamba mvuvi wa samoni hukaa peke yake katika mtumbwi mdogo, akatia ndoanani samaki mdogo aliye mbichi kabisa, kisha akaufunga mshipi katika mpini wa kafi lake; kila apigapo kafi, mshipi huvutwa ukalegezwa, ukavutwa ukalegezwa, na chambo kikachezacheza majini mfano wa samaki aliye hai. Katika yote niliyoyasoma juu ya ufundi huu sikuona hila iliyo nzuri kuliko hiyo, maana chombo, mkono na chambo vimeunganishwa hata mwendo wa kimoja ukawa ndio mwendo wa vyote, wala hakuna kitu ndani yake kilichohitaji kununuliwa.

Wahamiaji waliotoka Ulaya walikuja na ndoana za chuma, na mishipi ya kitani na ya hariri, lakini chambo chao kilikuwa hai au nyama ya samaki. Chambo cha madini kilichoenea katika maziwa hayo hunasibishwa na Julio Buel wa Vermont. Husimuliwa kwamba katika ujana wake alikuwa akila chakula ndani ya mashua katika ziwa la Bomoseen, kijiko kikamponyoka mkononi, akakitazama kikizama huku kikimeta na kuyumba, mara akatokea trauti mkubwa akakidaka. Hadithi za namna hiyo hupendwa na watu kabla hazijathibitishwa, nami sijengi juu yake. Lililo yakini ni kwamba Buel alipata hataza ya serikali ya Marekani mwaka 1852 kwa chambo chake kizungukacho, na kwamba alikuja kuifanya kazi ya kutengeneza vijiko vya kuvulia kuwa biashara yake katika mji wa Whitehall, New York. Kijiko kilileta faida kubwa, kwa sababu hakiozi, hakitoki ndoanani, na mmeto wake huonekana hata pale ambapo nuru ya jua imekwisha kuwa hafifu. Lakini kilileta na udhia wake, yaani kwa kuzunguka kwake kiliusokota mshipi hata ukajikunja mafundo, na kwa ajili hiyo ikawa lazima kutia kati ya mshipi na kijiko kipande kidogo cha shaba nyeupe kizungukacho chenyewe, ili msokoto uishie hapo usipande juu.

Aliyelijibu kwanza swali la kina kwa ukamilifu ambao bado wavuvi wa New York wanautumia ni Seth Green, na habari za mtu huyo zastahili kukaliwa kitako. Alizaliwa mwaka 1817, akakulia karibu na Rochester, akawa mvuvi na mchuuzi wa samaki. Baada ya kuwatazama samaki wakitaga mitoni kwa makini ya mwanachuoni, alianzisha mwaka 1864 mahali pa kuangulia mayai ya trauti katika kijiji cha Caledonia, na mwaka 1871 alivichukua vifaranga vya samaki wa mashariki aitwaye shadi, akasafiri navyo kwa gari la moshi kulivuka bara zima, akiyabadili maji ya mitungi kila ilipobidi, akavitia katika mto Sacramento, California. Mkono ule ule uliolea samaki ndio uliofikiri namna ya kuwavua. Mtambo unaoitwa kwa jina lake ni mshipi mmoja mkubwa wenye chubwi zito mwishoni, na katika mshipi huo, kwa nafasi zilizopimwa, hufungwa mishipi midogo mitano au zaidi, kila mmoja ukiwa na urefu wa pima mbili tatu na kijiko chake chembamba, hivi kwamba mashua ikipigwa makasia polepole, vijiko vinapita katika vina mbalimbali kwa wakati mmoja. Mvuvi asiyejua samaki wamelala pima ngapi huwauliza samaki wenyewe: kijiko kilichoshikwa ndicho kilichotoa jawabu.

Sambamba na mtambo huo ulikua ufundi wa waya wa shaba, khususan katika ziwa Seneca na ndugu zake, yale maziwa membamba ya New York. Waya hauchukuliwi sana na maji kama kitani, kwa wembamba na uzito wake, nao hushuka wenyewe pasi na chubwi kubwa. Lakini zaidi ya hayo waya una sifa ambayo hariri haina, nayo ni kwamba hautanuki, kwa hiyo kila kigusacho mwisho wake husikika kwenye vidole vya aushikaye. Mvuvi mzoefu huukamata waya mkononi, akauachilia mpaka asikie kijiko kinaligusa tope la chini, akaupandisha kidogo, kisha akaanza kuvuta: huupeleka mkono mbele kwa urefu wa dhiraa mbili, akaurudisha ghafla, kijiko kikaruka na kuanguka kwa kuyumba, na katika kuanguka huko ndiko trauti anakokishika. Aweza kukutajia, hali amefumba macho, kama kijiko kinapita juu ya mchanga, juu ya mawe au juu ya majani. Walikuwako waliochoka na kazi hiyo ya mkono, wakachukua mitambo ya gramafoni kuukuu, zile zilizokuwa zikitiwa ufunguo, wakazing'oa sahani na paipu zake, wakazifanya zikunje waya uliolegea, ili shaba isitapakae sakafuni mwa mashua ikajipinda na kukatika. Kwani waya wa shaba ukipata pindo moja kali umekwisha, na mvuvi ahesabu hasara ya waya, vijiko na samaki kwa pamoja.

Kwa watu waliotumia ufito na gurudumu la kukunjia mshipi, hariri ilidumu kuwa bora mpaka karibu na Vita ya Pili ya Dunia. Ilikuwa nyororo na yenye nguvu, lakini ilitaka kutunzwa kama mtoto mchanga: jioni, mvuvi arudipo, hana ruhusa ya kula kabla hajaufungua mshipi wote na kuuanika kivulini, maana hariri iliyolala mbichi huoza. Kitani kilivumilia zaidi, nacho kikilowa huongezeka nguvu, ila ni kinene. Mwaka 1935 mwanakemia Wallace Carothers na wenzake wa kampuni ya DuPont walifanikiwa kutengeneza nailoni, ikatangazwa hadharani mwaka 1938, na muda si muda ikavutwa kuwa uzi mmoja usiosokotwa, wa kuonekana kwa shida majini, usiooza wala kuhitaji kuanikwa. Uzi huo ndio ambao baada ya vita ulifika hata kwetu, ukaiondoa mishipi ya pamba katika ngalawa na mitumbwi. Hapo mwanzo ulikuwa mgumu na wenye kujikunja, mafundi wakaurekebisha katika miaka ya 1950. Lakini tabia yake moja haikuondoka, nayo ni kutanuka. Mvuvi wa juu ya maji huipenda tabia hiyo, kwa sababu samaki akirusha kichwa, mshipi humpa nafasi na ndoana haichani kinywa; ama mvuvi wa kina, aliye na mita 90 za uzi nyuma yake, huvuta ufito kwa nguvu zake zote, na nguvu hizo zikamezwa na mtanuko wa uzi kabla hazijaifikia ndoana.

Jibu lililopatikana katikati ya karne ya 20 ni mshipi wenye moyo wa risasi, na kwa maoni yangu ndio uliobuniwa kwa hekima kuliko yote iliyotengenezwa viwandani. Ndani yake mna uzi laini wa madini ya risasi, nje umefumiwa ala ya nailoni au ya dakroni, na ala hiyo hubadilika rangi kila baada ya futi 30, sawa na pima tano. Wavuvi waliacha kabisa kuhesabu futi wakahesabu rangi: rangi tatu, rangi tano, rangi kumi. Kila rangi moja, chombo kikienda mwendo wa taratibu, hukishusha chambo futi tano hivi, na chombo kikiongezwa mwendo kina hupungua. Basi mvuvi aliyeshika samaki kwa rangi sita aliweza kumpigia kelele mwenzake wa chombo cha pili, na yule akaachilia sita vile vile, wakawa wote wamo katika tabaka moja la maji. Elimu iliyokuwa imefungwa katika vidole vya mzee mmoja wa ziwa Seneca sasa ilikuwa imeandikwa juu ya mshipi wenyewe, akaweza kuisoma hata mtu aliyenunua vyombo vyake jana.

Lakini wakati watu walipokuwa wakiboresha mishipi, samaki waliyemkusudia alikuwa akiangamia. Mfereji wa Welland, uliofunguliwa mwaka 1829 ili merikebu ziyakwepe maporomoko ya Niagara, uliondoa boma ambalo maumbile yalikuwa yameliweka kati ya ziwa Ontario na maziwa ya juu. Na kwa njia hiyo akapenya lamprei wa baharini, kiumbe mrefu mfano wa mkunga, asiye na taya, mwenye kinywa cha duara kilichojaa meno, ambaye hujigandamiza ubavuni mwa samaki akamkwangua na kumnyonya damu. Mwaka 1921 alionekana katika ziwa Erie, na kabla ya mwaka 1940 alikuwa amekwisha kuenea mpaka Superior. Trauti wa ziwa, ambaye tayari alikuwa amepunguzwa na nyavu za wachuuzi, hakuweza kustahimili. Katika maziwa ya Huron, Michigan na Superior walikuwa wakivuliwa kiasi cha ratili milioni 15 kwa mwaka. Kufika mwanzo wa miaka ya 1960 hazikupatikana ila ratili 300,000 hivi. Marekani na Kanada ziliafikiana mwaka 1954 kuunda tume ya pamoja ya uvuvi wa maziwa hayo, na wataalamu wa kituo cha Hammond Bay huko Michigan, wakiongozwa na Vernon Applegate, walijaribu dawa zipatazo 6,000 mpaka wakaipata moja yenye kuwaua lamprei wachanga mitoni bila ya kuwadhuru sana samaki wengine. Adui akapunguzwa. Hata hivyo katika Michigan na Huron hakukuwa na trauti wa kutosha kumpa mtu sababu ya kukunjua mshipi wa shaba.

Nyumba isiyo na mwenyewe huingiwa na mgeni. Kwa kukosekana trauti wa kuwala, samaki mdogo wa chumvi aitwaye elwaifu, wa jamii ya dagaa-papa wa baharini, naye aliyeingia kwa njia ile ile ya mifereji, alizaana hata akawa ndiye sehemu kubwa ya samaki wote wa ziwa Michigan. Na katika kiangazi cha mwaka 1967 walikufa kwa mafungu, wakaelea na kurundikana ufukoni, watu wa Chicago na miji mingine ya pwani wakawaondoa kwa majembe na matingatinga. Howard Tanner, aliyekabidhiwa idara ya samaki ya jimbo la Michigan mwaka 1964, alikuwa amekwisha kuona katika wingi wa samaki hao chakula cha bure. Jimbo la Oregon lilikuwa na ziada ya mayai ya koho, samoni wa Pasifiki, likatoa milioni moja. Yakaanguliwa, yakalelewa, na tarehe 2 Aprili 1966 vifaranga vya kwanza vikatiwa katika mto Platte. Samoni hao walikuta karamu imeandaliwa. Vuli ya mwaka uliofuata walirudi wakiwa na ratili 15 na zaidi, na habari ikaenea nchini hata watu wasiowahi kuliona ziwa wakaja na vijiboti vya kuvulia madimbwini. Tarehe 23 Septemba 1967 upepo mkali ulivuma ghafla, mawimbi yakawakuta mamia wakiwa majini, wakafa watu saba. Kila nisomapo habari ya siku hiyo nahuzunika, maana waliokufa hawakuwa na kosa ila ugeni. Palikuwa na samaki wapya na wavuvi wapya, na ule ujuzi wa ziwa kubwa, ambao wazee huwarithisha vijana kwa miaka mingi, ulikuwa umekatika pamoja na trauti.

Wavuvi hao wapya hawakuwa na saburi ya kujifunza kushika waya. Walitaka kuvua kwa ufito mwepesi na uzi mwembamba wa nailoni, wamsikie samaki mwenyewe badala ya kusikia uzito wa risasi. Na haja hiyo ndiyo iliyoeneza mtambo wa kuteremshia mshipi. Asili ya fikra yake ni ya wavuvi wa biashara wa Pasifiki, ambao tangu mapema katika karne ya 20 walikuwa wakirambaza samoni kwa nguzo ndefu zilizotandazwa huku na huku za chombo, kila moja ikikokota waya wa chuma wenye chubwi la duara la makumi ya ratili, na waya huo ukikunjwa kwa pipa lenye mpini, baadaye kwa nguvu ya mota. Katika ziwa Michigan mtambo ulifanywa mdogo: pipa dogo lenye kamba ya chuma na saa ya kuhesabu futi, chubwi la ratili 10 au 12, na juu ya chubwi koleo ndogo inayoubana mshipi wa mvuvi. Chubwi huteremshwa wima mpaka kina kitakiwacho, mshipi ukiwa umebanwa hapo, na chambo kikifuata nyuma kwa urefu autakao mtu. Samaki akikishika, koleo huachia, na mvuvi akabaki na samaki wake peke yake bila ya uzito wowote baina yao. Kazi mbili ambazo tangu zama za Seth Green zilikuwa zimefanywa na mshipi mmoja, yaani kuzamisha na kuvua, zilitenganishwa. Sina shaka kwamba huo ndio ugeuzi mkubwa kuliko wote katika tarehe ya sanaa hii, kwa sababu kuanzia hapo mshipi haukuchaguliwa tena kwa uwezo wake wa kuzama, ila kwa nguvu yake, wembamba wake na kutoonekana kwake.

Samaki mwingine wa maziwa hayo, wolai, ana kanuni nyingine kabisa, na wanaomtia katika fungu moja na samoni hukosea. Ni samaki wa rangi ya zaituni na dhahabu, mwenye macho makubwa yanayong'aa kwa weupe, kwa kuwa nyuma ya jicho lake mna utando unaorudisha nuru kama ulivyo katika jicho la paka. Huona vizuri alfajiri, magharibi na katika maji yaliyochafuka, na makao yake makuu ni Erie, ziwa lile la kina kidogo. Kumfuata wolai kwa mtambo wa kuteremshia na chubwi zito mara nyingi ni kujisumbua. Chambo chake cha zamani ni nyungunyungu mzima aliyetungwa katika ndoana mbili tatu nyuma ya kibati kidogo kizungukacho, akikokotwa polepole sana, pungufu ya nusu ya mwendo wa samoni. Cha pili kilitoka Ufini, ambako mvuvi Lauri Rapala alianza mwaka 1936 kuchonga samaki wa mti mwepesi mwenye kuyumba mfano wa samaki aliyejeruhiwa. Gazeti la Life lilimwandika mwaka 1962, na maagizo kutoka Marekani yakapita uwezo wa warsha yake. Miaka minane baadaye shughuli hiyo ilipata pigo, pale zebaki iliyomwagwa na viwanda ilipogunduliwa katika nyama ya samaki wa ziwa St. Clair na Erie, uvuvi ukapigwa marufuku mahali pengi. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zikaandikiana mkataba wa usafi wa maji ya maziwa, na wolai wakaongezeka tena hata Erie likawa mashuhuri kwa ajili yao.

Jambo la mwisho kubwa lililoyapata maji lilitokea mwaka 1988, walipoonekana katika ziwa St. Clair kome wadogo wenye milia, waliokuja kutoka Ulaya ndani ya maji yabebwayo na meli kwa ajili ya uzani. Kome hao, na jamaa zao waliowafuatia, huyachuja maji bila kukoma wakala vijidudu vyake, na maziwa yaliyokuwa na ukungu yakawa maangavu hata mtu akaona chini pima kadhaa. Samaki sasa waliona kila kitu, wakaziogopa mashua, na nyaya za chuma zinazovuma majini, na uzi mnene. Ndipo zilipopata thamani kubwa zile mbao ndogo zilizokatwa upande, ambazo zikivutwa hujipeleka kando ya chombo, zikauchukua mshipi mbali na kivuli na kelele zake. Ndipo watu walipofunga mwishoni mwa mshipi kipande cha uzi wa florokaboni, uliotolewa kwanza na kampuni ya Kureha ya Japani mwaka 1971, ambao majini hauonekani kwa urahisi kama nailoni. Ulikuja pia uzi uliofumwa kwa nyuzinyuzi za polietilini, mwembamba na wenye nguvu ya ajabu, usiotanuka kabisa, na wavuvi wenye kufikiri wakautumia kama mgongo wa kujazia gurudumu, kisha mbele yake wakafunga kitu kisichotazamiwa na wengi: shaba. Katika ziwa Michigan manahodha wa boti za kukodi, walipoona samoni wanalikimbia chubwi, waliurudia waya wa shaba, futi 200 au 300 nyuma ya ubao wa kando, ukishuka kimya kimya bila ya mtambo wala kamba ya chuma. Wazee wa Seneca, lau wangeliona hayo, wasingelihitaji kufundishwa kitu isipokuwa matumizi ya ufito.

Kwa mtu anayechagua leo, basi, nadhani si sawa kumpa orodha ya vitu vilivyo bora, kwa maana ubora hauko katika kitu. Risasi yenye rangi hufaa pale samaki walipotawanyika katika tabaka za kati na mvuvi ataka chambo kiyumbe juu na chini kila chombo kinapopinda. Mtambo wa kuteremshia hufaa pale kipimajoto kilipoonyesha tabaka moja jembamba na samaki wamejipanga ndani yake. Shaba hufaa kwa maji maangavu na samaki wenye hofu. Nailoni, pamoja na kutanuka kwake, ingali bora karibu na uso wa maji wakati wa masika, maji yangali baridi kote na samoni wapo futi chache tu chini. Aliyesahau moja katika zana hizo hulazimika kuvua kwa mazoea, na maji hayana mazoea.

Ziwa Huron ni ushahidi wa hayo. Katika mwaka 2003 na 2004 elwaifu walitoweka humo, wakiwa wameliwa na samoni waliozidi na chakula chao kikiwa kimechujwa na kome. Samoni wa chinuku, asiyetaka kula kitu kingine, akakonda na kupungua, na bandari zilizoishi kwa boti za samoni zikakosa wageni. Lakini elwaifu walikuwa wakila vifaranga vya wolai, na trauti aliyelishwa elwaifu hupungukiwa na vitamini, vifaranga vyake vikafa. Walipoondoka wao, jamii zote mbili za asili zilianza kuzaana zenyewe. Katika ghuba ya Saginaw serikali iliacha kutia vifaranga vya wolai mwaka 2006, kwa kuwa hapakuwa tena na haja. Wavuvi wa hapo waliokuwa na mitambo ya samoni wameifungua kutoka sitahani, wakanunua mbao za kando, vibati na nyungunyungu, nao huenda mwendo wa polepole katika maji ya pima tatu na nne, mshipi ukiwa na chubwi la wakia moja au mbili tu.